Kulipwa kwa Kutolima

Sisi twajua kwamba mkulima hulipwa kwa mazao yake, na asiyelima hapati kitu. Lakini huko Marekani wako wakulima wanaolipwa na Serikali kila mwaka kwa sababu wameacha kulima. Wengi wakilisikia hudhani ni mzaha. Kwa hiyo twaona ni vema kulieleza.

Wilaya ya Cimarron iko kwenye ncha ya magharibi ya jimbo la Oklahoma. Ni nchi tambarare, yenye mvua haba na upepo mwingi. Hapo kale ilikuwa mbuga ya majani. Wakulima wakaja, wakayapindua majani kwa plau, wakapanda ngano. Katika miaka ya 1930 mvua ilikatika, ngano ikafa, na udongo usio na mizizi ya kuushika ukachukuliwa na upepo. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifunika nchi hata mchana ukawa giza. Ng'ombe walikufa, watu waliugua vifua, na jamaa nyingi zilihama. Tarehe 27 ya mwezi uo huo sheria ya kuhifadhi udongo ikatiwa sahihi.

Mpango tunaoueleza ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1985. Serikali ni kama mpangaji anayekodi shamba ili lisilimwe. Mwenye shamba huenda ofisi ya kilimo ya wilaya yake, hutaja eka anazotaka kuzipumzisha na malipo anayoyataka kwa kila eka. Maombi hupimwa: ni udongo upi uchukuliwao upesi, ni maji yapi yatakayosafika, ni ndege na wanyama gani watakaopata maskani, na gharama ni kiasi gani. Akikubaliwa, hutia sahihi mapatano ya miaka 10 hata 15. Hupanda majani au miti, na Serikali humsaidia hata nusu ya gharama ya kupanda. Hana ruhusa ya kulisha ng'ombe humo apendavyo, ila kwa idhini, kama wakati wa ukame. Akivunja mapatano hurudisha fedha yote aliyopokea pamoja na riba. Basi si sadaka.

Walakini si wote wanaofurahi. Shamba likilala, mwuza mbegu, fundi wa matrekta na mwenye ghala hukosa kazi. Ndiyo sababu sheria yaweka mpaka: ardhi iliyopumzishwa isizidi robo ya ardhi ya kulima ya wilaya, ila kwa idhini ya pekee, wala mtu mmoja asipokee zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Yuko pia mtu alimaye shamba la mwingine. Sheria yaagiza haki yake ilindwe, nasi twaona huyu ndiye wa kuangaliwa kwanza, maana mwenye shamba hatalala njaa.

Udhaifu mkubwa ni kwamba mapatano yana mwisho. Mwaka 2007 eka zilizopumzishwa Marekani nzima zilikuwa karibu milioni 37. Bei ya nafaka ikapanda, na kila mapatano yalipokwisha wengi walirudi kulima, hata mwaka 2016 zikabaki kama milioni 24. Majani yaliyokua miaka 10 hupinduliwa kwa siku chache, na Serikali haiwezi kudai fedha iliyokwisha kulipa.