Samaki hajui mpaka wa daraja

Hivi mdau, ukiambiwa samaki wa upande huu wa daraja usile kabisa, ila wa upande ule kula kidogo tu, utauliza nini? Mimi swali langu la kwanza: nani kamwambia samaki asivuke?

Sitanii. Ndivyo ilivyo Sydney, Australia. Pale Rhodes, magharibi ya bandari, kulikuwa na kiwanda cha Union Carbide kilichotengeneza kemikali, zikiwemo dawa za kuulia magugu. Taka zake zikaacha dayoksini kwenye tope. Sumu hii inang'ang'ania tope na mafuta ya mwilini, na kuikaanga hakuiondoi. Mdudu wa topeni anaila, samaki anamla mdudu, samaki mkubwa anamla mdogo, na mwisho wa foleni upo wewe na ugali wako.

Mwaka 2006 uvuvi wa biashara ukapigwa marufuku bandari nzima. Wavuvi wa ndoano wakashauriwa: magharibi ya Daraja la Sydney usile ulichovua, mashariki, ushauri wa jumla ni gramu 150 kwa mwezi. Robo kilo haifiki!

Sasa unamfuatiliaje samaki? GPS haifanyi kazi chini ya maji, na mawimbi ya redio hayafiki mbali kwenye maji ya chumvi. Sauti ndo inasafiri. Basi mtaalamu anamvua samaki, anampa dawa ya usingizi, anamchana tumbo kidogo, anaingiza kidude chenye betri, anamshona na kumrudisha majini. Kila kidude kinalia kwa namba yake, kama laini ya simu, kwa mlio ambao sikio la mtu halisikii. Vinasa sauti vinafungwa chini ya maji. Samaki akipita karibu, kinasa kinaandika namba, tarehe na saa.

Lakini bandarini kuna kelele za boti, na zinaweza kufunika mlio. Kinasa kikikaa kimya, si lazima samaki awe hakupita.

Februari 2009 papa alimjeruhi mzamiaji wa jeshi la majini humo humo bandarini. Baadaye watafiti wakawawekea papa vidude hivyo. Ikaonekana wanaingia miezi ya joto, maji yakipoa wanaondoka, wengine mpaka Queensland, mamia ya kilomita kaskazini.

Unaona uzito wake? Samaki anayeganda sehemu moja anakuonyesha sumu ya hapo. Anayetembea anaweza kuibeba hadi kwenye maji yanayoonekana safi. Bila kujua nyendo zake, mpaka wa daraja unabaki nusu ya habari.

Kwetu Dar, Mto Msimbazi unaingia baharini pale Salenda, na samaki wetu nao hawana mpaka. Ukinunua, muulize mvuvi kamtoa wapi. Jibu halitakupa safari yote ya samaki, lakini ni mwanzo, na kuuliza ni bure.

Wadau mnasemaje?