Mashamba Yaliyozama Gwembe

Leo twataka kuwaeleza habari za Watonga wa bonde la Gwembe, waliohamishwa makwao ili mto Zambezi ufanywe ziwa.

Watu hao walikaa pande zote mbili za mto, katika nchi ambazo sasa ni Zambia na Zimbabwe, nao walikuwa na mashamba ya namna mbili. Ya kwanza yalilimwa kwa mvua, kama yetu. Ya pili yalikuwa kando ya maji, nayo yalirithiwa katika ukoo. Kila mwaka mto ulifurika. Ulipopungua uliacha tope lenye rutuba, ndipo wakapanda, wakavuna wakati wa kiangazi bila kungoja mvua. Mbolea ililetwa na mto wenyewe, tena bure.

Basi mwaka 1955 serikali ya Shirikisho la Rodesia na Nyasa iliamua kujenga ukuta wa saruji huko Kariba, maji yapate kuendesha mitambo ya umeme kwa migodi ya shaba na viwanda. Kimo cha ukuta ni futi 420, na ziwa lake lina urefu wa maili 175 hivi.

Watu wapatao 57,000 iliwapasa kuhama. Wengi hawakusadiki: nani aliyepata kuona mto mkubwa kama ule ukizuiwa? Walisema kwamba Nyaminyami, nyoka wa mto, hatakubali; na mafuriko ya 1957 na 1958, yaliyoharibu kazi ya wajenzi, yaliwatia nguvu. Katika nchi ya jumbe Chipepo watu walikataa kuondoka. Mwezi wa Septemba 1958 askari wakapiga bunduki, wakafa Watonga 8. Waliosalia wakachukuliwa kwa malori mpaka Lusitu, mwendo wa maili 100. Desemba mto ukafungwa.

Nyumba yaweza kujengwa tena. Shamba la mtoni halihamishiki, kwa kuwa rutuba yake ni mafuriko yenyewe. Katika makao mapya wengi walibaki na mavuno ya mvua tu, na katika bonde lile mvua ni haba. Ikikosekana, hapakuwa tena na shamba la pili la kukimbilia. Mahali pa kuombea mvua, penye makaburi ya wazee, napo pamezama.

Na umeme? Nyaya zilikwenda migodini na mijini, na kwa miaka mingi vijiji vingi vya waliohamishwa vilikaa gizani.