Pumu Isiyotulia

Mama mwenye pumu aliyeamshwa usiku na kifua, hata mara moja, katika wiki 4 zilizopita, au anayevuta inhela ya buluu zaidi ya mara 2 kwa wiki, pumu yake haijatulia, ijapokuwa mwenyewe amekwisha kuizoea na husema hajambo.

Sababu mara nyingi imo mkobani mwake. Inhela ya buluu hulegeza misuli ya njia za pumzi kwa saa chache. Uvimbe uliomo ndani haiugusi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa pumu, tangu 2019, haukubali mtu mzima atibiwe kwa hiyo peke yake. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kuzuia, yenye steroidi, ivutwayo hata mtu akiwa mzima. Nayo ndiyo iachwayo, kwa kuwa nafuu yake haionekani papo hapo. Wengine huivuta vibaya, dawa ikaishia kooni. Mwombe muuguzi akutazame ukivuta.

Kisha chetezo. Sisemi mwanamke wa pwani aache udi na ubani, nani angenisikiliza? Lakini moshi ni moshi, uwe wa udi au wa kuni. Nguo zifukizwe uani, mwenye pumu akiwa mbali.

Na Ramadhani? Dawa ya kuzuia ya mara 2 kwa siku yaweza kuvutwa wakati wa daku na baada ya kufuturu. Kuhusu kuvuta mchana wanazuoni wamekhitilafiana, basi aulizwe sheikh mapema. Lakini kifua kikibana, ile ya buluu ivutwe hapo hapo, na siku, ikibidi, italipwa.