Mwanasesere Mweusi na Neno "Lakini"

Alhamisi moja, baada ya darasa la wanawake, mama mmoja alisubiri wenzake wote watoke, kisha akanijia na kikapu cha ukili kilichofunikwa kwa leso. "Maalim," akasema, "nina swali, ila nataka ukione kwanza ninachokiulizia." Akaifunua leso. Ndani mlikuwamo wanasesere 11 wa kitambaa, wote weusi wa rangi, kila mmoja na vazi lake: huyu buibui, yule gauni la bafta, mwingine leso mbili kama walivyovaa bibi zetu. Nywele zao zilikuwa za sufu nyeusi, zimesukwa vizuri. Wa kwanza alitumiwa na shangazi yake aishiye Marekani, kazi ya msanii mweusi wa huko. Waliobaki alimwagizia fundi mmoja wa kike wa mtaani kwake, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa miaka mitatu. Mumewe, mtu mcha Mungu ninayemfahamu, alikuwa amemwambia awatoe nyumbani kwa kuwa ni masanamu. Yeye hakutaka kumuasi mumewe, wala moyo haukumpa kuwatupa.

Nikamuuliza kwa nini amekusanya wote hawa. "Binti yangu alikuwa na miaka minne," akanijibu, "alipoletewa huyu wa shangazi. Akamgeuza, akamtazama usoni, akaniambia: Mama, huyu mweusi, lakini mzuri. Maalim, mimi sikumfundisha maneno hayo."

Sikuwa na haja ya kumuuliza mtoto aliyatoa wapi. Nimeyasikia harusini, nimeyasikia katika vikao vya posa, na mimi mwenyewe niliwahi kuyatamka nilipokuwa nikimsifia kijana fulani binti wa watu. Nilitaja dini yake, nasaba yake na adabu yake, kisha nikasema ni mweusi lakini mzuri. Hakuna kikaoni aliyeshtuka. Binti mwenyewe alikuwa upande wa pili wa pazia.

Tuanze na sheria, kwa kuwa ndiyo iliyomleta mama huyu. Makatazo ya kuchora na kuchonga viumbe vyenye roho ni mazito, na sitaki msomaji adhani ninayapunguza. Hata hivyo, wanavyuoni wengi wamewatoa humo wanasesere wa watoto, na dalili zao zimo katika vitabu vinavyotegemewa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Wasichana wenzake walikuwa wakijificha kwa haya Mtume anapoingia, naye akiwarudisha wakacheze. Abu Daud amepokea kisa cha pazia lililopeperushwa na upepo, wakaonekana wanasesere wa Bi Aisha na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya viraka vya nguo. Mtume alipouliza ni farasi gani huyo mwenye mabawa, Bi Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Suleimani, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Rubayyi binti Muawwidh, naye ni katika masahaba wa kike. Anasimulia kwamba walipofunga siku ya Ashura waliwafungisha na watoto wao wadogo, wakawatengenezea vya kuchezea kwa sufu. Mtoto akililia chakula alipewa kile cha sufu, mpaka wakati wa kufuturu ukafika. Basi akina mama wa Madina walikuwa mafundi wa kazi hii kabla yetu. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafi wa pwani humtegemea sana, ameitaja ruhusa hiyo na hekima yake: msichana hujizoeza malezi kwa mwanasesere wake.

Ruhusa ya mtoto, basi, iko wazi. Ya mtu mzima anayekusanya ina maneno yake, nami nitayarudia. Lakini hekima hiyo ya malezi inazaa swali jingine. Ikiwa msichana anajifunza kupenda kwa kumpakata mwanasesere, je, anajifunza kuupenda uso wa nani?

Yule mwanasesere wa kwanza katika kikapu alitoka Marekani, na huko swali hili lina historia ndefu. Wanawake weusi, utumwani na baada ya utumwa, walishona wanasesere kwa mabaki ya nguo, kwa ajili ya watoto wao na pia kwa watoto wa mabwana waliolazimika kuwalea. Viwanda navyo, vilipomtengeneza mtu mweusi, mara nyingi vilimtengeneza kwa dhihaka: macho yaliyotoka, mdomo mwekundu uliopanuka. Kitabu cha Florence Upton kilichochapishwa London mwaka 1895 kiliieneza sura ya namna hiyo, ile iitwayo golliwog, na ikaingia katika vyumba vya watoto kwa miongo mingi.

Richard Henry Boyd, mhubiri aliyezaliwa mtumwa mwaka 1843, hakuridhika na sura hizo. Huko Nashville aliagiza kutoka Ujerumani wanasesere weusi wenye nyuso za heshima, na mwaka 1911 akaanzisha kampuni kwa kazi hiyo. Haikudumu miaka mingi. Si Mwislamu mwenzetu, ila baba anayetafutia binti yake kitu kisichomtukana namwelewa vizuri.

Kisha wakaja mtu na mkewe, Kenneth na Mamie Clark, wataalamu wa saikolojia. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1930 na katika miaka ya 1940 waliwaonyesha watoto weusi, wa miaka mitatu hadi saba, wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi: wengine weupe wa nywele za manjano, wengine wa rangi ya kahawia wa nywele nyeusi. Watoto waliombwa watoe yule wanayependa kucheza naye, yule aliye mzuri, yule anayeonekana mbaya. Wengi walimchagua mweupe kwa uzuri, na mweusi kwa ubaya. Hatimaye mtoto aliulizwa: nipe anayefanana nawe. Hapo baadhi yao walilia, na wako waliotoka chumbani mbio. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za serikali ni kinyume cha katiba, utafiti huo ulikuwa miongoni mwa iliyotajwa katika hukumu.

Nawaomba mnaosoma na watoto wenu walale kidogo juu ya swali lile la mwisho. Mtoto aliyekwisha kusema huyu ndiye mbaya, anaambiwa sasa amnyooshee kidole yeye mwenyewe.

Kuna jambo katika historia hii linalotuhusu sisi wenye Kiswahili moja kwa moja. Baada ya ghasia za mwaka 1965 katika mtaa wa Watts, Los Angeles, watu weusi wa huko waliamua kujijenga wenyewe kiuchumi, na mwaka 1968 wakafungua kiwanda cha wanasesere wakakiita Shindana. Neno ni letu, na walilichagua wakijua ni Kiswahili. Mpaka wakati huo kampuni nyingi zilichukua kalibu ya mwanasesere mweupe zikamimina rangi ya kahawia, ndiyo basi: pua ile ile, midomo ile ile. Shindana waliichonga sura upya na kuzipa nywele asili yake. Wa kwanza aliitwa Baby Nancy. Waliofuata ni pamoja na Malaika, Tamu na Zuri. Mwalimu wangu wa sarufi angeuliza "zuri" la ngeli gani hilo, lakini tuwasamehe. Watu waliopokonywa lugha zao baharini waliazima maneno yetu ili wawaambie binti zao kwamba wao ni watamu na wazuri, ilhali sisi wenye maneno tunaongeza "lakini". Kiwanda kilifungwa mwaka 1983. Mwaka 2020 Baby Nancy aliingizwa katika orodha ya heshima ya vitu vya kuchezea inayotunzwa na jumba la makumbusho la Rochester, New York.

Hapo ndipo wakusanyaji wanapoingia. Kitu cha mtoto hakidumu: hutafunwa, huburutwa, huachwa mvuani. Kama hakuna aliyewaweka, leo tusingejua kwamba wanawake wale walishona. Deborah Neff, mwanasheria wa Marekani, alikusanya wanasesere weusi zaidi ya mia walioshonwa kwa mikono kati ya miaka ya 1840 na 1940 hivi, na wakaonyeshwa Paris mwaka 2018 na New York mwaka 2022. Debra Britt na dada zake walifungua makumbusho ya wanasesere weusi katika mji wa Mansfield, jimbo la Massachusetts, mwaka 2012. Ukitazama kazi hizo za kale utaona mshono wa subira, kola iliyotariziwa, kiatu kidogo cha ngozi, na kwa walio wengi hutaona jina la fundi. Kazi imehifadhiwa, aliyeifanya amepotea. Kwa hiyo mkusanyaji makini wa leo, kabla ya yote, huuliza jina na kuliandika.

Kwetu pwani, madukani, msichana hukutana na sura gani? Nimepita makusudi kutazama: plastiki nyeupe, macho ya buluu, nywele za manjano zinazofika kiunoni. Wapo waliosilimishwa, kwa msemo wa utani. Fulla, aliyetoka nchi za Kiarabu mwaka 2003, amevaa abaya na mtandio, nasi tulimshangilia kwa stara yake. Rangi yake hatukuizungumza. Mwaka 2017 kampuni ya Barbie ilitangaza mwanasesere wa Ibtihaj Muhammad, Mmarekani mweusi Mwislamu aliyepata medali ya shaba katika mchezo wa vitara kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa na hijabu kichwani. Nilifurahi. Lakini huyo ni kazi ya kampuni kubwa, na fedha zake hazifiki kwa fundi wa mtaani mwetu, ambaye kwa mabaki ya leso na cherehani moja aliweza kukijaza kikapu kile.

Kuhusu fundi huyo nina ya kusema zaidi, kwa sababu hapa watu wetu hukosea na hawajui. Mama aliniambia kwamba wengine humwagiza fundi kwa maneno matupu, kisha humaliza wiki tatu ndipo waje kutaka kupunguziwa bei, au wasije kabisa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kuagiza kitu ambacho bado hakijatengenezwa hupita katika mlango wa bai salamu: sifa zijulikane, muda ujulikane, na bei ilipwe yote pale pale mnapoagana. Wahanafi wamefungua mlango mpana zaidi kwa kazi za mafundi, na anayewafuata halaumiwi. Ila angalieni jinsi sharti letu linavyomfaa fundi masikini: anapata ya kitambaa, ya uzi na ya unga wa nyumbani kabla hajatia sindano. Na anayechukua mwanasesere mmoja kwa fundi, kisha akampeleka kwa mwingine amtolee mfano wake mia kwa bei ya chini, namwomba ajiulize kama yeye angeridhia kufanyiwa hivyo.

Utunzaji nao una elimu yake, hasa kwetu ambako hewa ya bahari huingia mpaka ndani ya sanduku. Kitambaa kisifungiwe katika plastiki, maana jasho hubaki ndani na kuvu huota. Kizungushiwe bafta nyeupe iliyofuliwa ikakauka barabara, kiwekwe katika kasha lililoinuliwa kutoka sakafuni. Kafuri huwafukuza nondo, lakini isiguse nguo, tena iwe mbali na mikono ya watoto. Wachache watolewe kivulini kupunga upepo siku kavu za kaskazi. Jua kali hupausha rangi. Ndani ya nguo ya kila mmoja pashonwe kitambaa kidogo chenye jina la fundi, mji na mwaka.

Sasa nirudie swali la mkusanyaji. Ruhusa ya wanavyuoni imesimama juu ya mtoto na mchezo wake. Mtu mzima anayewapanga rafuni sebuleni, juu, kama vitu vya kutukuzwa, ametoka katika kivuli cha ruhusa hiyo, na sioni wepesi wa kumtetea. Tukumbuke Bi Aisha alivyotundika pazia lenye picha, Mtume akalichukia, na lilipokatwa likafanywa mito ya kuegemea halikukatazwa. Namna ya kukiweka kitu ina uzito. Kwa hiyo nilimwambia mama: wanaochezewa wachezewe. Waliobaki wakae kasheni, watolewe kwa ajili ya kufundishia watoto, kisha warudi kasheni. Wakati wa swala wasiwe mbele ya mwenye kuswali. Fundi akiweza kushona uso usio na macho wala mdomo, ni salama zaidi kwa mwenye wasiwasi. Tena ajihadhari na israfu: mwenye wanasesere 40 ambao mwanawe haruhusiwi kumgusa hata mmoja, huyo amekusanya kwa ajili ya nafsi yake.

Nilimwita na mumewe. Alikuja baada ya Ijumaa, tukazungumza kwa upole. Kuhusu wale kumi hajaridhika bado, nami nimemwambia kwamba wasiwasi wake una msingi katika dini na mkewe asimharakishe. Kuhusu yule wa binti hapana tena mvutano. Nimesikia kwamba mshono wa shingo yake umefumuka kwa kubebwa mno, na fundi ameombwa apite kumshona kabla ya Jumapili.