Shule za Mabati na Serikali Iliyojitoa

Marekani imebishana kuhusu shule za umma zinazoendeshwa na watu binafsi tangu jimbo la Minnesota lilipopitisha sheria yake mwaka 1991. Huko serikali hulipa, mwendeshaji hufundisha, na kati yao upo mkataba. Akishindwa, ananyang'anywa shule. Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, kazi hiyo ilikwishaachiwa watu binafsi zamani, bila fedha, bila mkataba, na bila Bunge kuulizwa.

Januari 2003 Rais Mwai Kibaki alifuta ada ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani nchi nzima. Rais wa zamani wa Marekani, Bill Clinton, alivutiwa hivi kwamba alimtaja Kibaki kuwa ndiye mtu aliye hai ambaye angetamani zaidi kukutana naye. Olympic, shule ya umma ya Kibera iliyosifika kwa matokeo ya mtihani wa KCPE, ilifurika. Mgao wa serikali ulikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, na kwa pesa hizo hujengi darasa. Wazazi walioona mwalimu mmoja akihangaika na watoto wanaokaribia mia walianza kurudi kwa mwenye shule wa kichochoroni, yule anayepokea ada kidogo kidogo na kukuvumilia kibarua kikikosekana. Pale darasa hutenganishwa na jingine kwa mbao nyembamba, na hesabu za la nne husikika hadi la sita. Lakini mwalimu anamjua mtoto kwa jina, na asipoonekana siku mbili mtu atauliza.

Mwaka huohuo mtafiti Mwingereza James Tooley alihesabu shule binafsi 76 ndani ya Kibera. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba soko linaweza kumsomesha maskini. Naona alihesabu sawa, akafasiri vibaya. Mzazi anayelipia kitu alichoahidiwa bure hajachagua sokoni; amekimbia.

Na serikali ilipata nafuu, kwa sababu kila aliyehamia kwenye mabati alikuwa dawati moja ambalo haikulazimika kununua. Mwishoni mwa 2009 wizi wa fedha za elimu bila malipo ulipofichuka, Uingereza ilisitisha msaada wake, Marekani ikafuata. Mwaka 2009 pia ilitoka sera ya kuzitambua shule za mitaa ya mabanda, maarufu kama APBET. Kuzitambua kulikuwa rahisi. Kuzilipa na kuzikagua kukawa shughuli nyingine. Kisha 2011 wizara ikagawa nafasi za shule za sekondari za kitaifa kwa kuzipa kipaumbele shule za umma, na mtoto wa Kongo, Kawangware, aliyesomea kwenye mabati, akawekwa kundi moja, la shule binafsi, na mwenzake wa akademi ya Lavington, jirani tu hapo. Kwenye ada alikuwa maskini, kwenye orodha ya wizara akawa tajiri.

Asubuhi ya 23 Septemba 2019, jengo la shule ya Precious Talent huko Ng'ando, Dagoretti, liliporomoka. Watoto 8 walikufa. Wakubwa walifika, wakaguzi wakatumwa, shule kadhaa zikafungwa. Kufunga ndiyo kazi ambayo serikali huikumbuka haraka. Julai 2018 ilikuwa imekwisha kubomoa shule kadhaa Kibera ili barabara ipite.

Nchi nyingine angalau ziliamua. Liberia ilikabidhi baadhi ya shule zake za umma kwa waendeshaji binafsi mwaka 2016, wakiwemo Bridge, kampuni iliyoanzia Mukuru hapa Nairobi, na matokeo yakapimwa hadharani. Uganda, mwaka huohuo, mahakama iliunga mkono kufungwa kwa shule za Bridge. Mimi si shabiki wa kukabidhi shule kwa makampuni, na chama cha walimu, KNUT, kina hoja kinapopinga. Ila kupinga mkataba pekee hakumpi mtoto wa Gatwekera, Kibera, dawati, na Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni haki yake, ya bure na ya lazima.

Uchaguzi unakuja 2027. Atakayefika Kongo au Laini Saba ya Kibera kuomba kura aulizwe shule ya umma itajengwa kiwanja gani. Akikosa kiwanja, aseme ni kiasi gani serikali itazilipa shule zilizopo, na ni nani atakayekagua paa zake.