Mlinzi wa Nyumbani Haendi Bweni



Katika nyumba zetu wamo watoto ambao chakula kizuri, kiliwacho na wote kwa furaha, kwao ni hatari. Mmoja hawezi maziwa, wa pili hawezi mayai, wa tatu akila kamba midomo humvimba. Siku hizi jambo hili twaliita mzio. Neno lenyewe ni la kale: wazee walikiita mzio kile chakula ambacho mtu amekatazwa kukila. Kwa hiyo wengi wakisikia kwamba mtoto ana mzio hudhani ni habari za miiko ya ukoo, na wengine husema ni kudeka tu. Sivyo. Ni mwili wenyewe unaokosea: hukiona chakula kisicho na hatia kuwa adui aliyeingia nyumbani, na katika kupigana naye hujijeruhi.

Naandika haya kwa sababu ninaye mtoto wa namna hiyo, na kosa langu mimi baba yake nusura limwue.

Sisi twakaa Kongwa, katika Ugogo, nayo ni nchi ya karanga. Hapa ndipo Waingereza walipoleta matrekta yao mwaka 1947 ili walime karanga nyingi mno, wakashindwa, na mwaka 1951 mpango wao ukaachwa. Matrekta yaliondoka, karanga zikabaki. Zimo katika mlenda, katika mchicha, katika kisamvu, katika uji wa lishe, na katika kashata ziuzwazo njiani. Mwanangu alipokuwa na miaka miwili alionjeshwa uji wenye unga wa karanga. Mara mwili wote ukajaa mabaka ya kuwasha, akatapika. Mganga wa zahanati akatuambia, "Huyu asile karanga tena."

Tangu siku ile mama yake akawa mlinzi wake. Alipika yeye, alionja yeye, aliuliza yeye. Tulipoalikwa mahali alichukua chakula cha mtoto katika bakuli lenye kifuniko. Miaka kumi na moja mtoto hakupatwa na neno.

Nami nilifanya nini? Nilimfundisha jambo moja tu, nalo lilikuwa baya. Siku moja nilimsikia akiwaeleza wenzake habari za karanga. Nikamwita kando, nikamwambia, "Mwanangu, mwanamume hatangazi maradhi yake." Nilidhani namfundisha ushujaa.

Hata alipokuwa na miaka 13 tukaenda arusini kwa ndugu zetu. Vijana waliketi peke yao mkekani, mbali na mama zao. Sinia likaletwa, ugali na mlenda. Alijua kwamba mlenda wa kwetu hutiwa karanga. Walakini wenzake walikuwa wakimtazama, na mmoja alikuwa amekwisha kumcheka kwamba bado analishwa na mama. Akala matonge mawili. Midomo ilipoanza kumwasha hakusema neno. Aliinuka polepole, akaenda nyuma ya zizi peke yake, asije akaonekana akitapika.

Dada yake mdogo ndiye aliyemfuata. Alimkuta ameanguka chini, sauti imekauka, akivuta pumzi kwa mlio. Tukamchukua kwa gari la jirani hata zahanati. Mganga hakuuliza maswali mengi. Alimchoma sindano ya adrenalini katika paja, upande wa nje, na baada ya dakika chache pumzi ikaanza kurudi. Kisha akatupeleka kituo cha afya akalale huko chini ya uangalizi, kwa kuwa hatari hiyo yaweza kurudi tena baada ya saa kadhaa.

Asubuhi nilimwuliza, "Kwa nini hukutuita?" Akanijibu kwa adabu, "Baba, ulisema mwanamume hatangazi maradhi yake."

Sikuwa na la kumjibu. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Mithali hii naijua tangu utoto, nami nilimfundisha mwanangu kinyume chake.

Basi hapo tulitambua kwamba tulikuwa tumemlinda mtoto, lakini hatukumfundisha. Matabibu wasema kwamba vijana ni miongoni mwa watu walio katika hatari kubwa kuliko wote kwa mzio wa chakula. Huona haya mbele ya wenzao, hujaribu bahati yao, huacha dawa nyumbani. Mwenye pumu hatari yake huzidi. Nasi tulibakiwa na mwaka mmoja na miezi michache tu kabla hajaenda bweni, kidato cha kwanza. Mlinzi wa nyumbani haendi bweni. Ilitupasa tumkabidhi mtoto ulinzi wake mwenyewe, na haya ndiyo tuliyofanya.

Kwanza, tulimfundisha kukijua chakula. Tulimtuma sokoni na dukani, tukampa siku yake ya kupika. Akajifunza kwamba karanga hujificha katika unga wa lishe, katika mafuta yaliyokamuliwa kienyeji, na katika biskuti. Akajifunza kusoma maandishi ya kila pakiti, hata ile aliyoinunua jana. Akajua kwamba upawa uliochota mchuzi wa karanga haufai kutiwa katika sufuria yake, wala asishiriki kijiko na kikombe na wenzake. Tena tulimfundisha asijinyime bure. Maharage na kunde ni jamaa ya karanga, lakini yeye amevila tangu utoto bila dhara, basi na aendelee kuvila.

Pili, tulimfundisha kusema. Tulipoingia kwa mama ntilie, mimi na mama yake tulinyamaza, yeye ndiye aliyeuliza. Mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo hata yule mama hakumsikia. Mara ya tano alisema vema: "Shikamoo, mama. Mimi nikila karanga naweza kufa. Je, chakula hiki kina karanga, au kimepikwa katika sufuria yenye karanga?" Tulimkataza kusema "sipendi karanga", kwa maana mpishi mkarimu atamjibu, "Onja kidogo tu, utazipenda."

Tatu, tulimfundisha dalili: midomo au ulimi kuvimba, mabaka ya kuwasha, kutapika, sauti kubadilika, koo kubana, pumzi kuwa na mlio, kizunguzungu. Pengine huanza kwa dakika chache, pengine baada ya saa moja au mbili. Akiona moja asiende faraghani kamwe. Amwite mtu, hata akiwa mbele ya wageni mia. Alale chali, miguu iinuliwe. Pumzi ikimshinda, akae kitako. Asisimame wala kutembezwa ghafla.

Nne, habari ya dawa. Hatari ikifika kooni, kifuani au katika mapigo ya moyo, dawa ya kwanza ni adrenalini, nayo haingojewi. Vidonge vya kuzuia kuwasha hupunguza mabaka, lakini koo havilifungui. Zipo kalamu za adrenalini ambazo mtu hujichoma mwenyewe pajani, ila kwetu ni adimu na bei yake ni kubwa. Adrenalini ya kichupa, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima, ndiyo ya kuulizia. Mzazi, kabla ya kupeleka mtoto bweni, nenda zahanati iliyo karibu na shule ukaulize, "Je, mnayo?" Na daktari aandike barua yenye jina la mzio, dalili, na kiasi cha dawa kimfaacho mtoto.

Bibi yake hakupendezwa. Alisema, "Mzoesheni kidogo kidogo, itamtoka." Nilimjibu kwa upole: "Mama, wako wanaoponyoka kadiri wanavyokua, lakini kwa karanga ni kama mtoto mmoja katika watano, na anayetambua ni daktari kwa vipimo. Huko Marekani mwaka 2020 ilikubaliwa dawa ya unga wa karanga kwa watoto wa miaka 4 hadi 17, lakini kila kipimo kikiongezwa huongezwa mbele ya matabibu. Sisi tukijaribu jikoni, tutamzika mjukuu wako." Akanyamaza. Siku ya pili nilimwona ametenga sufuria ndogo, ameifunga kitambaa chekundu, iwe ya mjukuu wake peke yake.

Siku ya kuripoti shuleni, mama yake alitaka kumweleza mkuu wa shule habari zote. Nilimshika mkono. Kijana mwenyewe alisalimu, akatoa barua ya daktari, akaeleza. Mama yake alilia njia nzima ya kurudi, wala sikumkataza, kwani hata mimi moyo wangu haukuwa mahali pake.

Baada ya majuma matatu tulipata barua. Aliandika: "Baba na Mama, shikamooni. Uji wa hapa una karanga. Nilimwambia mpishi mbele ya watu wote. Wengine walicheka siku mbili, kisha wakaacha. Mwenzangu wa kitanda cha juu anazijua dalili zote, nimemfundisha mimi. Asubuhi nanywa chai."

Mama yake aliisoma mara tatu, kisha akauliza, "Chai tupu?" Juma lile lile tulimpelekea mkate.

Hofu haijatutoka, wala sidhani itatutoka. Lakini wewe baba mwenye kijana wa namna hii, usimfundishe kuona haya. Anza leo, angali nyumbani, anapoweza kukosea nawe uko karibu.