Kabla Hujatoa Pesa ya Chati: Mahesabu ya Likizo kwa Mzazi wa Buseresere

Shule zikikaribia kufungwa, wauza chati hawakosekani stendi. Ipo ya sayari, ipo ya wanyama, ipo ramani ya Tanzania yenye picha za marais pembeni, zote zimepigwa plastiki zinang'aa. Wazazi wengi huchagua kwa rangi. Mimi ningeanza kwa kuhesabu.

Kwenye chati ya anga, hesabu sayari. Zikiwa tisa, mchoraji alitumia habari za kabla ya 2006, mwaka ambao Pluto iliondolewa kwenye orodha. Kwenye ramani, tafuta mkoa wa Geita, uliozaliwa 2012, kisha Songwe, wa 2016. Mikoa yote ni 31, Bara 26 na Zanzibar 5. Chati ya hifadhi za taifa ikikuonyesha 16 tu, basi ni ya kabla ya 2019, na Burigi-Chato, jirani yetu kabisa, haimo. Mtoto wa Buseresere akijisomea ramani inayoiacha Chato bado mkoani Kagera, hiyo ni hasara hata kama umepewa bure.

Vya bure vipo, ila navyo vina gharama zake. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Kinacholiwa ni bando. Pakua mara moja, mtoto asome bila intaneti, badala ya kufungua upya kila jioni. Ukitaka karatasi, piga hesabu kwanza. Kopi ikiwa shilingi 100 kwa ukurasa, sura ya kurasa 40 ni shilingi 4,000, na kitabu kizima cha kurasa 160 ni 16,000. Hapo ulizia bei ya kitabu chenyewe, huenda kikawa nafuu. Mwenye televisheni ana Ubongo Kids, hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Vifurushi vya likizo kutoka Ulaya na Marekani ningeviacha: Kiingereza kitupu, theluji kila ukurasa, na ramani za nyota zinazomtaka mtoto aanze na Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko kusini ya Ikweta kidogo. Nyota hiyo haichomozi kwetu hata siku moja. Afadhali Stellarium, programu ya bure ya kompyuta, unayoiambia uko wapi ikakuchorea anga la hapo ulipo.

Ila anga lina msimu wake, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Desemba ni mvua na mawingu. Ukiwanunulia watoto darubini ya kichina wakati huo, itakaa kabatini. Juni anga ni kavu, na Msalaba wa Kusini unaonekana jioni bila kifaa chochote. Kwa 2027, weka alama 2 Agosti, Jumatatu: Jua litapatwa kabisa Misri na Saudi Arabia, na kwetu litamegwa kiasi, mchana. Wauza miwani ya bei chee watakuja, na miwani ya kawaida ya jua haifai hata ikiwa nyeusi tititi. Boksi la viatu linatosha. Toboa upande mmoja tundu dogo kwa pini, bandika karatasi nyeupe upande wa pili, mtoto alipe Jua mgongo na atazame kiduara cha mwanga kwenye karatasi. Hatazami Jua lenyewe, na hakuna alichonunua.

Kwenye hifadhi, kiingilio kisikutishe. Raia hulipa kwa shilingi na watoto hupunguziwa. Kinachouma ni usafiri. Rubondo iko karibu, unafika Muganza kwa barabara, lakini baada ya hapo kuna boti ya kukodi, na familia ya watu watano peke yao wataihisi. Wakienda darasa zima, gharama inagawanyika, nao wataona nzohe na msitu ambamo sokwe waliletwa miaka ya 1960. Burigi-Chato haina maji ya kuvuka, ila ina kilomita za mraba 4,707, hivyo gari utalihitaji siku nzima.

Kwa familia moja, kura yangu ni Saanane, ingawa iko Mwanza. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Basi la kawaida linakufikisha mjini, na boti hadi kisiwani ni ya dakika chache. Watoto wakitoka hapo bado mna muda wa kwenda makumbusho ya Wasukuma, Bujora.

Sikukuu za taifa zisikutoe hata senti zaidi ya karatasi ya manila na kalamu za rangi. Oktoba 14, 2021, Siku ya Nyerere, Mwenge wa Uhuru ulizimwa hapa hapa Chato. Waliokuwepo uwanjani wapo mtaani kwako. Mwambie mtoto akawaulize, aandike, kisha aweke tarehe walizomtajia kando ya 1961 ya Uhuru na 1964 ya Muungano kwenye manila hiyo hiyo.